Nyumba Iliyokuwa Kwenye Rukuu

Nyumba ya bibi yangu ilianza kuinama kabla sijazaliwa, na nilipoingia kidato cha pili ilikuwa imeshafika kwenye rukuu. Maneno hayo si yangu, ingawa mtaa mzima hunisingizia mimi kila lisemwalo kwa mzaha. Aliyasema bibi mwenyewe. Asubuhi moja alitoka kumwaga maji, akapita upande wa barabarani, akautazama ukuta ulivyojikunja kiunoni, akaniita.

"Mke mwenzangu! Hebu njoo uone. Hii imerukuu. Siku ikienda sijida na sisi tumo ndani, basi tena."

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, ndivyo utani unavyotaka. Bwana wetu, yaani babu, amelala nyuma ya msikiti tangu sijaota meno, lakini bibi humtaja kama mtu aliyechelewa kurudi sokoni. Nikivunja sahani anasema, "Ngoja bwana wetu aje." Nikimuuliza atakuja saa ngapi, ananirushia kifuu.

Ukuta ule ulizuiwa kwa nguzo mbili za mkoko alizozileta mjomba kutoka Mbuchi, anakovua na kukata miti. Zilichimbiwa pembeni mwa barabara, zikaegemezwa kwenye ukuta, na zikachukua njia kidogo. Mwenye baiskeli asiye mwenyeji alipofika pale alilazimika kuinamisha kichwa ili apite, kwa hiyo naye alirukuu. Shuleni walipouliza kwa nini siwakaribishi nyumbani, niliwaambia nyumba yetu haipokei mgeni mpaka imalize swala. Nilijifunza mapema kwamba ukikicheka kitu chako wewe kwanza, wenzako wanakosa pa kukushikia. Lakini masika, mvua ilipopiga kwa nguvu, nilikuwa nakwenda kukaa upande ule na kuuwekea ukuta mgongo wangu, kana kwamba mgongo wa msichana wa miaka kumi na mitano ungezuia kitu. Hilo sikumwambia mtu.

Mtaa wetu uko nyuma ya ghala la korosho hapa Kibiti. Ghala lilikuwa la chama cha ushirika, na chama kilipokufa likabaki na popo na harufu yake. Wakati huo kila kitu kilikuwa kimekuwa ruksa. Ruksa kuuza nguo za kafa ulaya kando ya barabara, ruksa kufungua banda la video, ruksa mabasi ya watu binafsi kupigiana honi stendi kama majogoo. Wakubwa walisema mambo yamefunguliwa. Mtaani kwetu kilichofunguliwa ni maji. Waliotengeneza barabara upande wa juu waliyaelekeza kwetu, na kila masika yalipita chini ya kuta zetu za udongo kama mgeni anayeijua njia.

Halafu likaja shirika. Halikuwa la serikali na halikuwa la biashara, jambo lililomsumbua sana jirani yetu, mzee mmoja mfuga mbuzi ambaye hapendi kitu asichomjua mwenyewe wake.

"Sasa kama halitozi kodi na haliuzi kitu, linakula nini?" aliuliza.

"Litakula mbuzi wako," bibi akamjibu, na mzee akaenda zake kuwahesabu.

Shirika lilisema litasaidia kujenga nyumba kumi za mwanzo, zile zilizochoka kupita zote, kwa matofali ya udongo mwekundu na saruji kidogo, bati juu. Litachimba mfereji wa kuyaondoa maji. Wenyewe tutoe nguvu zetu: kila kaya zamu yake ya kuchimba, kuchekecha udongo na kufyatua. Walileta mashine ya mkono, pande la chuma lenye mpini mrefu. Unajaza udongo, unaning'inia kwenye mpini kama tumbili, na tofali linatoka limenyooka kuliko kitu chochote mtaani. Watoto walilishika la kwanza kama wanashika mtoto mchanga.

Msimamizi wa kazi hiyo tulimwita bwana mradi. Alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwenye buti za mvua hata kiangazi, mpole, aliyeandika kila anachoambiwa. Alipofika kwetu kwa ukaguzi wa kwanza aliuwekea ukuta wetu pima maji. Kile kipovu cha ndani kilikimbia moja kwa moja pembeni kikajificha.

"Hata chombo chake kimeona haya," bibi akasema.

Bwana mradi hakucheka. Aliingia ndani, akatazama juu, akatoka upesi, akaandika. Orodha ilipobandikwa kwenye mlango wa ghala, nyumba ya bibi ilikuwa namba moja. Kwa mara ya kwanza ukoo wetu ulikuwa wa kwanza katika jambo. Nilimtangazia kila mtu. Bibi hakutangaza kitu, ila jioni ile alichagua mahali uani, akasimika kijiti, akasema mlango mpya utazame kule, usitazame tena barabara.

Kulibaki sharti moja. Kabla ya kuanza kujenga kungekuwa na ukaguzi wa pili, wa kuhakikisha kwamba nyumba zilizoandikwa zinakaliwa kweli, maana kwingine watu waliwahi kuandikisha vibanda vya kuku. Nyumba isiyo na mtu ingefutwa. Na kaya itakayodanganya ingetoka kwenye orodha, iende mwisho. Hayo yalisemwa kwenye mkutano ndani ya ghala, na mambo mengine mengi yalisemwa pia, nami sikuyasikia. Nilikuwa nje na rafiki yangu wa dawati moja, nikimwonyesha jinsi bwana mradi anavyotembea: goti juu, kama anaruka dimbwi, faili kifuani kama sinia la bwana harusi. Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa chini. Watu wawili watatu walichungulia mlangoni wakacheka pia. Nilifurahi sana. Mtu akicheka, mimi siwezi kuacha, ndiyo ulevi wangu.

Mpunga ulipoanza kuchanua, mtaa ukahama. Hapa sina budi kuwaeleza wasio wa kwetu. Familia nyingi za Kibiti zina shamba la mpunga bondeni, kule karibu na mto, na mpunga ukifika wakati wake hauachwi peke yake. Mchana kweleakwelea, usiku nguruwe. Kwa hiyo watu hujenga dungu, kibanda cha juu ya miti, wakakaa humo kuamia, yaani kufukuza ndege, mpaka mavuno. Huku mjini nyumba inabaki. Wengi hawana kufuli. Mwenye nyumba anachukua kuti bichi moja, analikunja, analifunga kwa ukindu pale kwenye komeo. Kuti hilo linaeleweka na kila mtu: mwenyewe yupo, ila yuko shamba. Hakuna anayeingia. Hata mwizi wetu wa mtaa, tunayemjua kwa baba na mama, hajawahi kuvuka kuti.

Bibi alifunga la kwetu kwa mkono wake, akalivuta mara mbili kulijaribu.

"Mke mwenzangu, utalala kwa mama wa vitumbua. Hii nyumba usiiache mpweke. Kila ukitoka shule ipitie, iambie nipo."

"Nikiiambia kwa sauti si itaanguka?"

"Basi inong'oneze."

Akapanda lori la kwenda Ndundu na jembe, sufuria na kombeo lake.

Mama wa vitumbua alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya nyumba, mama mnene mwenye macho ya kuona nyuma. Kama angekuwepo wiki ile, nisingekuwa na cha kuandika hapa. Lakini alifiwa na ndugu huko Mbwera, na safari ya Mbwera inangoja maji ya mtoni yajae, si mtu kuwa na haraka. Akaniachia funguo, unga na onyo.

Jumatatu rafiki yangu alikuja shuleni akihema. Dada yake aliyewapikia chai mafundi wa shirika amesikia gari la ukaguzi linakuja kesho. "Nyumba isiyo na mtu inafutwa, shoga. Kwenu hakuna mtu. Kwetu hakuna mtu. Nyumba saba za orodha zina kuti mlangoni."

Nikaona yote kwa mara moja. Niliona bwana mradi akipita na buti zake, akiona kuti, akiandika: hamna mtu. Yeye wa Dar angejuaje maana ya kuti? Kwake kuti mlangoni ni taka. Na nikaona kijiti cha bibi uani.

"Tuzipe uhai," nikasema.

Jumanne alfajiri, kabla ya shule, tulipita milango yote saba. Tulikata makuti. Uani kwa kila nyumba tuliwasha makumbi ya nazi, yanayofuka moshi taratibu hata nusu ya siku, na makuti yenyewe tukayatumia kukolezea, maana ushahidi unaoungua hausemi. Tukaanika kanga za mama yake rafiki yangu, moja hapa, moja pale. Kwa mzee wa mbuzi, aliyekuwa bondeni kama wengine na mbuzi wake amewaachia mpwa wake anayelala kwa mama yake, tukaweka kata na ndoo ya maji mlangoni, na kandambili mbili zisizofanana. Kwetu niliweka kiti cha bibi na ungo wenye mchele kiganja kimoja, kama vile mtu ameinuka sasa hivi kufuata chumvi. Niliporudi nyuma kuitazama kazi yangu niliiona nzuri mno. Mtaa ulikuwa na watu ambao hawakuwepo. Nilikaribia kuwaamkia.

Gari halikuja. Lilinasa tope njiani, tukasikia baadaye. Jioni makumbi yalikuwa majivu, na mama yake rafiki yangu alirudi ghafla kuchukua unga, akazitaka kanga zake kwa ukali, tukaanua zote, naye akawahi lori, mlango akamwachia rafiki yangu. Jumatano tulikuwa na mtihani wa hesabu. Tukaambiana, gari lililonasa jana leo haliwezi kuja.

Lilikuja saa nne. Niliporudi mchana nilikuta alama ya mkasi ya chaki kwenye milango saba. Kwetu chaki ilipigwa juu ya pale lilipokuwa kuti, na ungo ulikuwa umepinduliwa na kuku.

Mama wa vitumbua alirudi Alhamisi, miguu imevimba kwa safari. Alisimama mbele ya mlango wetu, akaigusa chaki kwa kidole.

"Kuti liko wapi?"

Niliinama kuinua ungo.

"Nakuuliza wewe, mtoto. Makuti yako wapi? Si tulikubaliana kwenye mkutano? Nyumba yenye kuti ihesabiwe ina mtu, mtu wake yuko bondeni. Bwana mradi mwenyewe aliandika. Bibi yako ndiye aliyemfundisha kulifunga, akampa na la kwake akalisome! Isiyo na kuti wala mtu ndiyo gofu. Sasa nani amezigeuza nyumba za watu kuwa magofu?"

Nadhani ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nilipotafuta la kuchekesha nikakosa. Na badala ya kunyamaza, ulimi wangu uliozoea kwenda mbele ukaenda mbele.

"Labda mbuzi," nikasema.

Mama wa vitumbua akageuka polepole kuelekea kwa mzee. "Mbuzi," akasema. "Kweli. Mbuzi hula kuti."

Hadi Ijumaa mtaa mzima, yaani wachache waliobaki, ulikuwa unazungumzia mbuzi. Sharti jingine la shirika lilikuwa mifugo ifungwe. Kamati ingekutana na bwana mradi Jumatatu, na ilionekana wazi itakavyokuwa: makuti yameliwa, kaya sita zirudishwe, na ya saba, ya mwenye mbuzi, ikae nje. Mzee mwenyewe alikuwa bondeni akirusha mawe, hana habari. Mpwa wake, mtoto wa darasa la pili, alikuwa analia huku akiwafunga mbuzi kamba shingoni mmoja mmoja. "Hawakutoka," alisema kwa kila aliyepita. "Wallahi hawakutoka." Aliponiambia mimi, nilimwambia, "Najua." Nikaharakisha kupita kabla hajauliza nimejuaje.

Jumamosi nilipanda lori hadi karibu na pantoni ya Ndundu, nikateremka kwa miguu bondeni. Nilimsikia bibi kabla sijamwona, anawatukana ndege. Anawatukana kwa adabu, anawaita wakwe. "Haya wakwe zangu, mmekula, mmeshiba, nendeni basi kwa mkwe mwingine!" Kisha kombeo linavuma, udongo unaruka, na wingu zima la kweleakwelea linainuka na kuhamia shamba la jirani, ambaye naye anawarudisha.

Nilipanda ngazi ya dungu nikamwambia yote, toka makumbi mpaka mbuzi. Nilieleza bila kuigiza mtu yeyote. Alisikiliza akifinyanga vidonge vya udongo na kuvipanga juani.

"Kwa hiyo kuti langu mmelichoma," akasema mwisho.

"Ndiyo, bibi."

"Lilikuwa bichi. Liliwakaje?"

"Kwa shida."

Alicheka. Sikutegemea. Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaacha kwa ghafla kama mtu aliyekumbuka chungu kipo motoni.

"Na mkutano ni kesho kutwa."

"Ndiyo."

Akautazama mpunga. Ulikuwa umeinamisha vichwa, nusu kijani, nusu dhahabu, wiki mbili kabla ya kukatwa. Huo ndio uliokuwa chakula chetu cha mwaka na karo yangu. Ukiuacha siku mbili, ndege wanakuachia mabua. Akautazama tena, akanitazama mimi, na nikajua ananipima kama alivyolijaribu kuti lake.

"Kombeo unaliweza?"

"Naliweza."

"Uongo. Lakini mdomo unao. Wapigie kelele."

Aliondoka Jumapili asubuhi, na mimi nikabaki na ndege. Shule ningeikosa Jumatatu na Jumanne, na viboko vyake nilishavihesabu.

Sijawahi kuwa na hadhira mbaya kama ile. Niliwaimbia, niliwazomea, niliwaigizia mwalimu wa zamu na bwana mradi. Walikula tu. Kombeo nililizungusha likanipiga sikio. Kufikia adhuhuri sauti ilikuwa imeisha, nikawa napiga debe kwa kijiti na kukimbia kando ya majaruba nikipunga mikono. Mama wa dungu la jirani aliyeniona alipiga kelele, "Bibi kakuachia shamba au kakuachia harusi?" Sikuwa na sauti ya kumjibu.

Ndege walipokwenda kunywa maji, nilipanda juu nikakaa. Dungu la bibi lina miguu minne myembamba, sakafu ya fito na paa la nyasi. Ukuta halina. Linajengwa kila mwaka, na mto ukija linakwenda na mto, wala hakuna anayelililia. Lakini ndani yake bibi alikuwa amepanga kila kitu kama nyumbani: kioo pale, tasbihi pale, kikombe cha babu kisicho na mkono pale. Nikawaza, kumbe alikuwa anabeba nyumba nzima kwenye lori kila mwaka, na ile ya mjini iliyobaki ilikuwa imeshikiliwa na kuti tu. Sisi tuliokulia pale hatukuwa na hati wala kufuli. Tulikuwa na jani lililokunjwa, na makubaliano ya watu kwamba jani hilo ni mtu. Na mimi, mwenyeji, nililiona kwa macho ya mgeni. Niliogopa bwana mradi hatalijua, kumbe alikwisha kufundishwa, na asiyelijua nilikuwa mimi.

Mara nyingine nilimwaza bibi yuko wapi kwa wakati ule. Angeweza kusema hajui. Angeweza kusema mbuzi. Hakuna aliyetuona alfajiri ile, na rafiki yangu asingesema. Nyumba yetu ilikuwa namba moja, na sikuwa nimemwomba kitu, lakini nilijua ninachokitamani, na nilipojijua hivyo niliteremka kuwafukuza ndege ambao hata hawajarudi.

Alirudi Jumanne alasiri. Alitembea kando ya mpunga kwanza, akipitisha mkono kwenye masuke, ndipo akaja kwenye ngazi.

"Umewaachia kidogo wakwe," akasema. "Si vibaya."

"Imekuwaje?" Sauti yangu ilikuwa kama ya chura.

Akakaa, akaomba maji, akanywa yote. "Nyumba sita zimerudi. Na ya mzee imo. Mbuzi wake wameombwa radhi, mama wa vitumbua amewapelekea maganda."

"Na yetu?"

"Yetu namba kumi na moja."

Nyumba zilikuwa kumi.

"Bwana mradi aliniuliza, nani ameondoa makuti? Nikamwambia, mke mwenzangu, na wazo ni lake. Akaandika. Akaniuliza, huyo mke mwenzako naye ana kaya yake? Watu wakacheka, ikabidi aelezwe. Akafuta." Alitabasamu kidogo. "Kijana mzuri yule. Alitaka kunisaidia. Akasema, mama, pengine mtoto hakujua, pengine tuandike upepo. Nikamwambia, ukiandika upepo, kesho kila mtu ana upepo wake. Kaya iliyodanganya inakwenda mwisho, tulinyoosha mikono sote, na mimi niliunyoosha huu hapa."

"Ungesema mbuzi, bibi."

Hakuonekana kukasirika. "Mbuzi wana mwenyewe," akasema. "Yule mzee paa lake limetoboka, jua linamwingilia. Nikalale chini ya bati nikimtazama?" Akachukua kombeo, akatia kidonge. "Na wewe acha kulia, unawaita ndege."

Sikuwa nalia sana.

Nyumba kumi zilijengwa baada ya mavuno. Bibi alinitoa kwa kamati kama mtu anavyotoa jembe: kila Jumamosi na Jumapili nilikuwa mali ya mashine. Nilichekecha udongo, nilining'inia kwenye mpini, nilimwagia matofali maji na kuyafunika nyasi ili yasipasuke. Matofali ya nyumba ya mzee wa mbuzi mengi yana mkono wangu. Yeye alikaa kwenye kigoda akinitazama, hakusema neno kwa wiki tatu. Wiki ya nne alisema, "Hilo limevunjika pembe." Tukawa marafiki tangu siku hiyo, kwa namna yake.

Vuli ilipofika, nyumba yetu ilikwenda sijida. Ilikuwa mchana, tumekaa baraza ya mzee tukimenya mihogo. Mvua haikuwa kubwa. Nguzo moja ya mkoko iliteleza, na ukuta ukashuka taratibu, bila kishindo, paa likafuata na kulala juu yake kama mtu anayejifunika shuka. Vumbi halikuwepo, kwa sababu ya mvua. Bibi aliweka kisu chini.

"Allahu akbar," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama imamu anayebadilisha kituo cha swala.

Nilingoja acheke ndipo nami nicheke. Hakucheka. Alikwenda akasimama pale, akaingiza mkono chini ya makuti, akatoa kikombe cha babu, kizima. Ndipo nilipojua kwamba maneno yale ya rukuu hayakuwa mzaha siku zote. Yalikuwa namna yake ya kuutazama ukuta ule kila asubuhi bila kuuogopa. Mimi niliyarithi maneno nikadhani nimerithi kicheko.

Mzee alitupa chumba cha uani katika nyumba yake mpya. Hakutukaribisha kwa maneno. Aliwatoa mbuzi humo, akafagia.

Shirika lilihamia mji mwingine mwaka uliofuata. Mashine liliiacha kwa kamati, na namba kumi na moja ni yetu bado, hakuna aliyeiruka. Waliojengewa wanatupa zamu zao, wengine kwa moyo, wengine kwa kusukumwa na mama wa vitumbua. Sasa niko kidato cha nne. Nimefyatua matofali mengi kuliko insha nilizoandika, na mlango wetu unatazama pale kilipokuwa kijiti. Kuta zimefika linta, juu ya milango. Bati zitatoka kwenye mpunga wa mwaka huu, wakwe wakiruhusu.

Juzi fundi aliteremsha timazi pembeni mwa ukuta wa mbele. Uzi ukatulia, na kati yake na tofali hapakupita hata karatasi. Nilimwita bibi aje aone. Alikuja na ungo wake mkononi, akautazama ukuta juu mpaka chini, akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Mke mwenzangu," akasema, "nyumba gani hii, imesimama wima kama haijui kuswali?"

"Ndiyo kwanza imenuia, bibi. Rukuu bado."

Aliuegemeza mgongo wake kwenye ukuta, akausukuma kidogo, kisha kwa nguvu. Haukujibu. Akabaki ameegemea hivyo hivyo, akaanza kupepeta mchele.